Milkisheki ya Pipi Inapoharibika: Dalili, Vyanzo na Marekebisho

Milkisheki ya kawaida ina vitu viwili tu vinavyopaswa kupatana, yaani maziwa na aiskrimu, na vitu hivyo ni ndugu wa damu. Pipi ni mgeni. Imetengenezwa ikae kabatini miezi mingi bila kuharibika, kisha iyeyuke polepole katika kinywa chenye joto la nyuzi 37 za Selsiasi, na wala haikukusudiwa kuzama katika kinywaji kilicho chini ya nyuzi sifuri. Ndiyo maana mtu asiyekosea kamwe milkisheki ya vanila anaweza kutia konzi moja tu ya pipi akajikuta ana glasi ya maji matamu yenye changarawe. Karibu kila hitilafu itakayoelezwa hapa inaanzia kwenye swali ambalo halikuulizwa mapema: pipi hii ikikutana na baridi na majimaji, itafanya nini?

Vipimo nitakavyovitumia ni vya glasi mbili za wastani: gramu 300 za aiskrimu ya vanila, mililita 120 za maziwa yenye mafuta kamili yaliyotoka kwenye friji, na gramu 40 hadi 50 za pipi. Si sheria, ila ni mahali pa kuanzia, kwa kuwa bila kipimo kinachojulikana haiwezekani kujua kilichozidi ni kipi. Kabla ya kurekebisha chochote, chota kijiko kimoja, ukionje, na ukisugue kati ya ulimi na kaakaa. Punje za barafu, punje za pipi na mabonge ya maziwa yaliyokatika hufanana sana zikitazamwa kupitia glasi, lakini ulimi huzitofautisha mara moja: barafu huyeyuka na kutoweka, pipi huyeyuka na kuacha utamu, na maziwa yaliyokatika hayayeyuki kabisa.

Imekuwa nyepesi kama maji

Hii ndiyo dalili inayolalamikiwa kuliko zote, na wa kwanza kushtakiwa huwa ni maziwa. Ni kweli kwamba maziwa yakizidi milkisheki hulegea, lakini katika milkisheki ya pipi mtuhumiwa mkuu ni sukari. Sukari inayoyeyuka katika maji hushusha kiwango chake cha kuganda, kwa hiyo kila kijiko cha pipi kinachoyeyuka ndani ya jagi huigeuza sehemu ya barafu iliyomo kwenye aiskrimu kuwa maji, hata kama hakuna joto lililoongezwa kutoka nje. Hapo ndipo lilipo jibu la fumbo linalowasumbua wengi, la milkisheki iliyokuwa nzito ilipomiminwa na baada ya dakika tano ikawa kama juisi ingawa chumba hakina joto kubwa. Chenga za pipi zilikuwa zikiendelea kuyeyuka ndani ya glasi, na kadiri zilivyoyeyuka ndivyo uzito ulivyopungua.

Marekebisho yake ni kuihesabu pipi kuwa sehemu ya majimaji. Ikiwa pipi imeyeyushwa ikawa shira, maziwa yapunguzwe kutoka mililita 120 hadi 80, kisha yaongezwe kijiko kimoja kimoja pale tu blenda inapoyadai. Kijiko kimoja au viwili vya chakula vya maziwa ya unga vitasaidia pia, kwa sababu protini zake hushika maji yaliyo huru na kurudisha uzito bila kuongeza utamu mwingi. Vipande vya barafu visitiwe. Vinaonekana kuwa msaada wa haraka, ila vikisagwa huleta maji mapya yasiyo na mafuta wala ladha, na vikishayeyuka milkisheki inakuwa nyepesi kuliko ilivyokuwa mwanzo.

Chanzo cha pili ni joto, na hesabu ndogo inatosha kukionyesha. Mililita 120 za maziwa yaliyoachwa mezani hadi yakafikia nyuzi 25, yakilinganishwa na maziwa ya friji yenye nyuzi 4, yana joto la ziada linalotosha kuyeyusha takriban gramu 30 za barafu. Ukiongeza hapo shira iliyoepuliwa muda mfupi uliopita na jagi lililosuuzwa kwa maji ya moto, aiskrimu itakuwa imekwisha kushindwa kabla kitufe hakijabonyezwa. Glasi na jagi vikikaa kwenye friza kwa dakika 15, na shira ikapoa hadi iwe baridi sawa na maziwa, tatizo hili hupungua mno. Visu vya blenda navyo huzalisha joto kwa msuguano, hivyo sekunde 20 hadi 30 zinatosha. Anayesaga kwa dakika mbili ili kumaliza punje za pipi anapika, hasagi.

Halafu kuna hewa. Aiskrimu huvurugwa pamoja na hewa wakati wa kugandishwa, na baadhi yake huwa na hewa inayofikia karibu nusu ya ujazo wote. Vijiko vitatu vikubwa vya aiskrimu ya namna hiyo vikishasagwa hunywea na kuwa kidogo tu. Mizani hukata ubishi huu, na asiye na mizani alinganishe kwa mkono makopo mawili yenye ujazo uleule: lililo zito zaidi ndilo linalofaa.

Blenda inanguruma lakini hakuna kinachozunguka

Tatizo hili ni kinyume cha lililotangulia, na sikio hulitambua kabla ya jicho. Mwanzoni blenda hutoa sauti nzito ya mashine inayofanya kazi. Kisha ghafla sauti hupanda, ikawa nyembamba na kali, huku aiskrimu iliyo juu imetulia tuli. Kilichotokea ni kwamba visu vimejichimbia pango la hewa chini ya aiskrimu na vinazunguka humo bila kugusa kitu. Stephen Poplawski, Mmarekani aliyebuni jagi lenye visu vinavyozunguka chini yake mnamo 1922 kwa ajili ya vinywaji vya maziwa vya aina hiihii, alitengeneza chombo kinachotegemea majimaji yavute vitu kuelekea chini, na pasipo majimaji penye visu uvutaji huo haupo.

Izime blenda, ichomoe kwenye umeme, isukume aiskrimu chini kwa mwiko, ongeza kijiko kimoja cha chakula cha maziwa, kisha bonyeza kwa mapigo mafupi mafupi. Mara nyingine utaratibu uwe ni maziwa kwanza, shira ifuate, na aiskrimu iwe ya mwisho. Aiskrimu iliyotolewa moja kwa moja kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri ni ngumu kupita kiasi. Ihamishie kwenye friji kwa dakika kumi ili ilegee sawasawa, wala usiilegeze kwa kuiacha mezani, kwa kuwa pembezoni itakuwa maji ilhali katikati bado ni jiwe. Ikiwa sauti imebadilika baada ya kutia tofi, chanzo si hewa bali ni tofi yenyewe iliyojizungushia kwenye visu, na hapo hakuna dawa isipokuwa kusimamisha kazi na kuitoa kwa mkono baada ya kuchomoa umeme.

Kuna changarawe mdomoni

Changarawe ya pipi ngumu ndiyo rahisi kuielewa. Pipi hizi ni sukari na shira ya glukosi zilizochemshwa hadi takriban nyuzi 150, maji yakabaki kidogo sana, zikapoa zikawa kama kioo. Katika maziwa ya moto huyeyuka kwa dakika chache, lakini katika aiskrimu huyeyuka kwa kusuasua, na blenda ya kawaida huzipasua vipande visivyolingana, vingine vikiwa vumbi na vingine vikiwa na ncha kali. Mimi siafiki kabisa desturi ya kuzitumbukiza nzima ndani ya jagi. Hukwaruza jagi la plastiki, hutoboa visu vikajaa mapengo, na matokeo yake si mazuri kiasi cha kustahili hasara hiyo.

Zipo njia mbili, na uchaguzi unategemea kinachotakiwa. Anayetaka ladha ienee aziyeyushe ziwe shira: gramu 50 za pipi katika vijiko viwili vya chakula vya maji juu ya moto mdogo, zikorogwe hadi ziishe, kisha zipoe kabisa. Anayetaka vipande vinavyolia chini ya jino aziweke ndani ya mfuko mzito, azifunike kwa kitambaa na kuzigonga kwa mchi, kisha azichekeche katika chujio. Kinachopita kwenye chujio kitiwe ndani ya blenda, na kinachobaki, kikiwa na ukubwa wa punje ya mchele au zaidi kidogo, kikorogwe kwa kijiko baada ya blenda kuzimwa. Zigongwe muda huohuo zinapohitajika, kwa maana vumbi la pipi hufyonza unyevu wa hewani na ndani ya saa chache linakuwa donge linalonata.

Changarawe ya chokoleti ni kesi nyingine, na kwa maoni yangu ndiyo inayoharibu milkisheki nyingi zaidi. Siagi ya kakao, ambayo ndiyo mafuta ya chokoleti, huyeyuka kwenye takriban nyuzi 34. Kinywa kilichotoka kumeza kinywaji cha baridi kali hakifiki hapo, kwa hiyo vipande vya chokoleti vinavyopendeza vikiliwa vyenyewe hugeuka kuwa kama vipande vya mshumaa: havina ladha, na hukwama kwenye meno. Kuvisaga zaidi hakusaidii, maana nta iliyosagwa bado ni nta.

Ikiwa kinachotakiwa ni ladha, chokoleti iyeyushwe kabla. Gramu 40 zikatwe vipande vidogo, zimwagiwe vijiko vitatu vya chakula vya maziwa ya moto, ziachwe dakika moja, kisha zikorogwe kuanzia katikati. Zikishikana zikawa donge kavu, maana yake majimaji hayakutosha. Inaonekana kama kichekesho, lakini chokoleti iliyoshikana kwa sababu ya matone machache ya maji hufunguka inapoongezewa maji au maziwa zaidi. Ikiwa kinachotakiwa ni vipande, yeyusha gramu 50 za chokoleti pamoja na vijiko viwili vya chai vya mafuta ya nazi, tandaza nyembamba juu ya karatasi, gandisha, kisha vunjavunja. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye takriban nyuzi 24, hivyo huishusha chokoleti hadi kiwango ambacho ulimi wenye baridi unakimudu.

Changarawe ya barafu haihusiani na pipi hata kidogo. Hutokana na aiskrimu iliyowahi kulegea na kuganda tena, kwa sababu kila mara inapoganda upya punje zake za barafu hukua, na zikizidi takriban mikromita 50, yaani sehemu moja ya ishirini ya milimita, ulimi huanza kuzihisi. Kopo lenye tabaka la barafu nyeupe chini ya kifuniko linatoa ushahidi wa kutosha.

Maziwa yamekatika

Hili nilijifunza kwa hasara. Nilikuwa na pipi ngumu za ladha ya limau, nikazitia kwenye sufuria ya maziwa juu ya moto mdogo nikitarajia shira nzuri ya manjano. Zilianza vizuri, kingo zikalainika, rangi ikaanza kuvuja. Kisha pembezoni mwa kila pipi pakatokea nyuzi nyeupe nyembamba, zikafuatwa na vipande mithili ya jibini, na muda si mrefu sufuria ikawa na maji ya manjano yanayoelea mabonge. Nikadhani maziwa yalikuwa ya zamani. Nikafungua mengine, nikarudia, yakakatika vilevile.

Maziwa hayakuwa na kosa. Maziwa mabichi au ya pakiti huwa na pH (kipimo cha asidi, ambacho hushuka asidi inapoongezeka) ya takriban 6.7, na protini yake kuu, kaseini, huanza kushikana na kuwa mabonge pH inapokaribia 4.6. Pipi za ladha ya matunda, hasa zile chachu, hutiwa asidi ya sitiriki au ya maliki, ambazo kwenye orodha ya viambato mara nyingi huandikwa E330 na E296. Asidi hiyo ndiyo inayoziletea uchachu wa kupendeza, na ndiyo inayokata maziwa. Joto huharakisha kazi hiyo, ndiyo maana pipi zilezile zilizokata maziwa ya moto kwa dakika moja zinaweza kuvumiliwa na maziwa baridi kwa muda wote wa kunywa.

Hivyo basi pipi za matunda ziyeyushwe katika maji na si katika maziwa, shira yake ipoe hadi iwe baridi ya friji, na itiwe mwisho kabisa, blenda ikiwa inazunguka kwa mwendo mdogo, uzi mwembamba kwa uzi mwembamba. Aiskrimu yenye mafuta mengi huhimili asidi vizuri zaidi kuliko maziwa matupu, kwa hiyo punguza maziwa na ongeza aiskrimu. Wapo wanaotia chembe ya magadi ili kuua asidi. Inafanya kazi, lakini inaua pia uchachu ambao ndio sababu ya kuichagua pipi hiyo. Kwa pipi chachu sana njia bora ni kutozitia ndani ya maziwa hata kidogo: ponda unga wake, upake ukingo wa glasi kwa asali, kisha ugeuze glasi juu ya unga huo, ili mnywaji akutane na uchachu kwenye midomo kabla maziwa hayajafika.

Yaliyokwisha kukatika hayarudi. Kuyasaga kwa nguvu huvunja mabonge yakawa madogo zaidi, ila ule ukavu wa kwenye ulimi hubaki palepale.

Milkisheki iliyotiwa nanasi, kiwi au papai bichi ina dalili inayofanana, lakini huja na uchungu unaoongezeka kadiri dakika zinavyopita. Matunda hayo yana vimeng'enya vinavyokatakata protini za maziwa. Tumia yaliyochemshwa au ya kopo, kwa kuwa moto huviharibu vimeng'enya hivyo.

Pipi za jeli zimekuwa kama raba

Pipi laini zinazonesa hutengenezwa kwa jelatini, au mara nyingine kwa pektini au wanga, na baridi huzikaza hadi mtu anatafuna bila mafanikio. Jelatini huyeyuka kwenye joto linalokaribia lile la mwili, kwa hiyo inawezekana kuziyeyusha katika maji moto kidogo na kupata shira, lakini shira hiyo itaganda tena kwenye friji na kuwa jeli, hivyo itumike ikiwa imepoa na bado inatiririka. Za pektini haziyeyuki kirahisi namna hiyo. Mimi huziweka zote nje ya blenda: hukatwa nyembamba kwa mkasi uliopakwa mafuta kidogo, na kuwekwa juu ya krimu mnywaji akiwa amekwisha kushika glasi. Mashimelo, ambayo nayo ni ya jelatini, hayana tabia hii kwa sababu yamejaa hewa. Yakibabuliwa kidogo juu ya moto na kusagwa pamoja na aiskrimu huifanya milkisheki iwe laini sana.

Watoto walio chini ya miaka minne wasipewe kinywaji chenye vipande vya pipi ngumu wala za jeli, kwa kuwa mvuto wa mrija unaweza kukipeleka kipande moja kwa moja kooni.

Ni tamu mno, lakini haina ladha

Mtu akionja milkisheki na kusema haina ladha ya pipi, mkono wake hukimbilia pipi zaidi, na hapo ndipo anapoharibu kilichokuwa kinaponyeka. Pipi ni sukari karibu yote. Kinachoifanya iitwe ya stroberi au ya mnanaa ni kiasi kidogo sana cha arki. Kuongeza pipi gramu 30 ni kuongeza sukari karibu gramu 30 na arki kiasi kisichofikia tone.

Tena baridi hufifisha ladha na utamu pamoja. Shira inayoonekana kuwa kali ikionjwa ikiwa vuguvugu itakuwa ya kawaida ndani ya milkisheki, na kwa kuwa utamu hurejea kadiri kinywaji kinavyopata joto, glasi iliyokuwa sawa mwanzoni inaweza kukinaisha inapokaribia mwisho. Onja basi shira ikiwa baridi, na milkisheki ionjwe mara mbili, papo hapo na baada ya dakika tatu.

Dawa ya ukosefu wa ladha ni arki yenyewe, kwa matone. Arki ya mnanaa iwe matone mawili kwanza, kwa maana mentoli huamsha mishipa ileile inayohisi baridi, na ikizidi kinywaji kinaanza kuwa kama dawa ya meno. Arki nyingi za pipi ni mafuta, na mafuta ya aiskrimu huzishika na kuziachia polepole. Subiri dakika moja baada ya kukoroga kabla ya kuamua kwamba hazikutosha. Dawa ya utamu uliozidi ni chembe ya chumvi, kiasi cha kushikwa kwa ncha za vidole viwili kwa glasi mbili, pamoja na kijiko cha maziwa ya unga yasiyo na sukari. Kwa milkisheki ya tofi chumvi hiyo hubadilisha kila kitu, na sioni sababu ya kuitengeneza bila hiyo.

Anayetaka kukwepa sukari kwa kutumia pipi zisizo na sukari azingatie kwamba nyingi zina sobitoli au maltitoli, ambazo zikiliwa kwa wingi huvuruga tumbo, na gramu 50 ndani ya kinywaji kimoja si kiasi kidogo.

Rangi imekuwa ya matope

Pipi zenye magamba ya rangi mbalimbali hupendeza zikiwa kwenye bakuli, lakini zikisagwa pamoja nyekundu, kijani, buluu na njano huishia kwenye kijivu cha kahawia ambacho hakuna anayekitamani. Chagua rangi moja, au mbili zinazokaribiana, na zilizobaki zitumike juu zikiwa nzima. Aiskrimu ya vanila yenyewe ina unjano, hivyo pipi ya buluu huifanya kuwa ya kijani hafifu. Kwa buluu safi tafuta aiskrimu nyeupe. Pipi zilizotiwa rangi ya asili ya matunda mekundu zinaweza kugeuka zambarau ndani ya maziwa, kwa kuwa rangi hiyo hubadilika kulingana na asidi, na maziwa yana asidi ndogo kuliko pipi ilimotoka. Hilo si hitilafu, na ladha haikuguswa.

Povu limejaa juu, au imejitenga tabaka mbili

Povu jingi hutokana na kusaga kwa muda mrefu, na huwa jingi zaidi maziwa yanapokuwa yameondolewa mafuta. Tumia maziwa ya mafuta kamili, na gonga jagi taratibu juu ya kitambaa kilichokunjwa mezani kabla ya kumimina. Tabaka mbili, majimaji chini na kitu kama mawingu juu, ni dalili ya kucheleweshwa: barafu imeyeyuka, maji yenye sukari yameshuka, hewa imepanda na mafuta. Kuikoroga kwa kijiko kunairudisha kwa dakika chache tu. Milkisheki hutengenezwa wageni wakiwa wamekwisha kuketi.

Mapambo yanazama au yanapotea

Krimu inayoteleza na kuzama ilipigwa ikiwa na joto, au mafuta yake hayatoshi. Inayofaa ina mafuta yasiyopungua asilimia 30, na bakuli lake hupozwa pamoja nayo. Pipi nzito ziwekwe kando ya krimu, ziegemee glasi, badala ya kutwikwa kileleni. Pipi za ukingoni hudondoka ikiwa glasi ilikuwa na umande: ifute, ipake chokoleti iliyoyeyushwa, bandika pipi, kisha iingie kwenye friji dakika kumi chokoleti ishike, na yote hayo yafanyike kabla blenda haijawashwa.

Pipi ya pamba, ile ya nyuzi za sukari, hunywea ndani ya sekunde chache inapogusa unyevu. Haina namna ya kuokolewa. Iwekwe kwenye kijiti, isiguse krimu. Pipi zinazolipuka mdomoni, ambazo hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1961, zimefungiwa gesi ya kaboni dioksidi kwa shinikizo, na hulipuka pale sukari inapoyeyuka na kuiachia. Zikitiwa ndani ya milkisheki hulipuka humo na kuisha, huku mnywaji akiambulia utamu mtupu. Mpe pembeni kwenye kijiko, azitie mwenyewe kinywani kisha avute fundo la kwanza.

Mrija ukiziba, shida ni vipande vikubwa kuliko tundu. Tumia mrija mpana pamoja na kijiko kirefu, na usimlazimishe mtu kuvuta.

Iliyobaki imeganda kama jiwe

Milkisheki iliyorudishwa kwenye friza haibaki milkisheki, kwa sababu inaganda bila kuvurugwa, na barafu yake hukua punje kubwa. Kuilegeza na kuisaga upya kunawezekana, lakini uzito wa awali haurudi, na kama imekaa mezani zaidi ya saa mbili isirejeshwe kabisa. Iliyo salama imiminwe ingali baridi katika vikombe vidogo vyenye vijiti na igandishwe kwa saa sita hivi. Sukari nyingi ya pipi, ileile iliyokuwa ikiiyeyusha milkisheki kabla ya wakati, ndiyo itakayozuia barafu hiyo ya kijiti isiwe ngumu kupita uwezo wa meno.